Mawakala wa "kazi na masomo" Dodoma, mnauza viza ambayo haipo

Wakuu, heshima kwenu.

Huu ni uzi wa kulalamika, anayetaka maneno matamu apite tu. Kuanzia Nyerere Square hadi mageti ya UDOM, vipeperushi vya "Kazi na Masomo Kanada/Ulaya, viza uhakika" sasa vimezidi vya nyumba za kupanga. Mzazi wa Kongwa au Mpwapwa anauza alizeti, mwingine anauza kiwanja cha Nala, hela inaishia mezani kwa mtu mwenye kompyuta moja na bendera tano. Na anachouza kiko bure kwenye tovuti za serikali za nchi hizo, tena yeye anakipotosha makusudi.

Hakuna viza inayoitwa "kazi na masomo". Kuna viza ya mwanafunzi, nayo inakupa saa chache za kazi. Uingereza ni saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, kwa kozi ya shahada. Kozi ya chini ya shahada, ndiyo hizo za bei nafuu mnazosukumiwa, ni saa 10. Kanada ni saa 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024, na huanzi kabla kozi haijaanza. Aliyeandikishwa kozi ya lugha peke yake hafanyi kazi nje ya chuo hata saa moja. Ujerumani ni siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Sasa nionyesheni kwenye saa hizo ile "ada itajilipa yenyewe" inatokea wapi.

Halafu kuna wale wanaouza viza ya likizo na kazi, ya kuchuma matunda Australia. Viza hizo hutolewa kwa raia wa nchi zenye makubaliano maalumu. Kwa Australia, New Zealand, Kanada na mpango wa vijana wa Uingereza, Tanzania haimo. Aliyekuuzia fomu amekuuzia karatasi.

Lakini kinachonichefua zaidi ni biashara ya kukodi salio. Wakala anajua mzazi hana hela ya kuonyesha, kwa hiyo anamtafutia mtu wa kuingiza mamilioni kwenye akaunti kwa siku mbili, achapishe taarifa ya benki, hela irudi kwa mwenyewe. Au anatengeneza taarifa nzima kwenye kompyuta. Uingereza wanataka hela ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Kiwango chenyewe, nje ya London, ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani 10,539, juu ya ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Kanada wanataka dola zao 22,895 kwa mtu mmoja, mbali na ada na nauli, na ofisa akiona fungu kubwa limeingia juzi anauliza limetoka wapi. Ukikamatwa na hati ya uongo Kanada unafungiwa miaka 5, Uingereza hadi 10. Anayefungiwa ni mwombaji! Wakala jina lake halimo popote kwenye fomu, kesho anabandika kipeperushi kingine.

Ujerumani ujanja huo haupiti kirahisi, ndiyo maana wengi wao hawaipendi. Unafungua akaunti ya Sperrkonto, yaani ya hela iliyofungiwa, unaweka euro 11,904, ukifika unarudishiwa euro 992 kila mwezi ule na kulipa kodi ya chumba. Hiyo ni hela yako, si ada. Kuna mawakala wanaiandika kwenye ankara kama "malipo ya chuo", wakati vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Viza yenyewe ni euro 75, laki mbili na ushei. Aliyekutajia milioni tatu za "ada ya ubalozi" muombe risiti ya ubalozi uone atakavyobabaika.

Kwa asiye na milioni thelathini na kitu za kufungia, Ujerumani kuna njia mbili ambazo mawakala hawazitangazi kwa sababu hazina ulaji. Ya kwanza ni Ausbildung, mafunzo ya ufundi au uuguzi, mara nyingi miaka 3. Mwajiri anakulipa kila mwezi, ila uje na mkataba na Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati. Hapo ndipo wengi wanapokwamia, maana B1 haipatikani kwa kozi ya mwezi mmoja. Ya pili ni au pair: uwe hujafika miaka 27 siku ya kuomba, cheti cha Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha mwanzo, unaishi na familia, chakula na malazi juu yao, posho euro 280 kwa mwezi, mwisho mwaka mmoja.

Kuhusu "barua ya kazi ya Kanada" inayouzwa mitandaoni: kibali kile cha LMIA, cha kuajiri mgeni, anaomba mwajiri, analipa mwajiri dola 1,000, na sheria inamkataza kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo. Ukiambiwa uchangie, ondoka.

Vyeti vya ukutani visiwatishe. Cheti cha BRELA na TIN vinathibitisha kampuni ipo na imesajiliwa kwa kodi, basi. Duka la nyanya Majengo nalo linaweza kuwa navyo. Anayepeleka watu kazini nje anatakiwa awe na leseni ya wakala wa ajira chini ya sheria ya huduma za ajira ya 1999, ulizieni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Anayeshughulikia udahili wa vyuo vya nje, angalieni orodha ya TCU.

NYONGEZA: Mliouliza pasipoti, ni 150,000 jumla, 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu. Fomu inajazwa mtandaoni, malipo kwa namba ya kumbukumbu, hampi mtu mkononi. Hakikisheni jina kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya NECTA linafanana herufi kwa herufi, maana hilo likipishana kila hatua inayofuata inakwama. Alama za vidole za viza zinachukuliwa Dar. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000, kwa hiyo hiyo "gharama ya kusindikizwa ubalozini" ya laki kadhaa mkatae.

NYONGEZA 2: Wakala aliyeniandikia faragha kwamba naharibu biashara za watu, jibu hapa hapa hadharani. Weka namba ya leseni.