Hakimu anakuja shuleni Ijumaa, hedimasta anaogopa maswali ya watoto

TichaTororo:
Jamani habari za jioni. Nafundisha historia na elimu ya siasa hapa Tororo, Uganda, sekondari ya bweni. Ijumaa tunapata wageni, hakimu mmoja na wakili kijana, waongee na S2 na S3 juu ya katiba na kazi za korti. Mara ya mwisho alikuja wakili akasoma makaratasi saa nzima kwa Kiingereza cha kortini, huko nyuma watoto wamelala fofofo. Safari hii nikasema watoto waandike maswali mapema, nimekusanya kama sitini hivi na karibu nusu ni swali moja tu, eti mwalimu anaruhusiwa kutuchapa? Hedimasta kayaona kaniambia nichuje. Nifanyeje? Na wageni wafundishe nini ili isiwe hotuba tena?

BodaMalaba:
Hahaha hedimasta anajua anachoogopa bana. Usichuje kitu mwalimu

LoyaNjiani:
Mwalimu, mimi niko LDC, kile chuo cha mafunzo ya sheria, namalizia diploma. Hilo swali lina jibu fupi sana, sheria ya watoto ilirekebishwa 2016 ikakataza viboko mashuleni, hakimu atalijibu dakika moja tu aende kwa lingine. Ukilitoa watoto watajua mmelitoa, na hapo mmeshawafundisha somo la siku nzima kabla mgeni hajashuka kwa gari.

Mimi ningewaambia wageni waache kuanza na ibara ya kwanza. Waanze na mtoto akishikwa na polisi, maana hiyo inawagusa. Kwamba chini ya miaka 12 hashtakiwi, kwamba asiwekwe selo moja na watu wazima, kwamba ndani ya saa 48 mtu awe amepelekwa kortini kama hajaachiliwa. Halafu wachezeni kesi: simu imepotea bwenini, huyu mshtakiwa, huyu mwendesha mashtaka, yule shahidi aliyeona kivuli tu usiku. Hakimu halisi akae pembeni asikilize, hukumu atoe mtoto. Utashangaa, wote watataka kumfunga mshtakiwa dakika ya kwanza kabla hata shahidi hajasimama, hapo ndio hakimu aingilie aulize nani kazi yake kuthibitisha.

Na uwaambie mapema kuwa hakimu hawezi kuongelea kesi iliyo mbele yake, wasije wakadhani anawakwepa.

MamaWaBusia:
Ongeza bondi ya polisi, ile ya kuachiliwa kituoni ukiahidi kurudi!! Mwaka jana kijana wangu alishikwa na wenzake wakitoka kwa mpira, nikaenda kituo fulani nikaambiwa lete elfu hamsini ya bondi, nikakopa kwa jirani nikatoa, risiti hakuna. Wiki mbili baadaye huyo huyo kijana ananiambia mama nimesikia kwa redio bondi ni bure. Nilitaka kulia. Na waongee lugha watoto wanaelewa tafadhali, Kiswahili kimewekwa kwa katiba tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili lakini mtu akivaa suti tu anakisahau

MzeeBombo:
Wanangu, hayo ya bondi ni mazuri lakini mimi ningemuuliza hakimu jambo moja, siku mkubwa akikupigia simu unafanya nini? Septemba 1972 jaji mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa pale Hai Korti Kampala mchana na watu wa Amin, hakurudi tena. Siku chache kabla alikuwa ameamuru mzungu mmoja aliyeshikwa na jeshi aachiliwe. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, wazee walikuwa wanaongea kwa kunong'ona. Watoto wa leo ukiwaambia uhuru wa mahakama wanaona maneno ya mtihani tu, wapeni hiyo hadithi.

BodaMalaba:
Mzee hiyo umegonga. Sisi hatukufundishwa hiyo shuleni kabisa

TichaTororo:
Asanteni sana, shikamoo mzee. Jioni hii nimeenda kwa hedimasta na ile ya 2016, akasoma, akakaa kimya, akasema sawa swali la viboko libaki lakini liwe la mwisho kabisa kabla ya soda. Naona anaomba muda uishe. Kwa hiyo nimempa msichana mmoja wa S2 kazi ya kushika saa, yule aliyeandika swali hilo mara tatu kwa kalamu nyekundu.