Mrejesho: geji ya joto iliyokuwa inarukaruka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu geji ya joto la maji niliyoongeza kwenye gari: sindano ilicheza ovyo, na ukiwasha taa inapanda ghafla hata kama injini bado ya baridi.

Asanteni sana wote. Aliyesema nianze na ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) alilenga palepale. Sensa yangu, yaani kile kifaa kinachopima joto na kuipelekea geji, ni ya waya mmoja, kwa hiyo umeme unarudi hasi kupitia mwili wake wa chuma. Sasa hiyo sensa iko kwenye adapta (kiungo cha chuma) katikati ya mpira wa juu wa rejeta, ni mpira tu pande zote mbili. Umeme ungepita wapi? Nimefunga waya kutoka kwenye adapta hadi kwenye bloku ya injini, na ethi ya geji nimeitenganisha na ya taa. Sindano imetulia kabisa.

Kupima sensa kwa mita ndani ya maji ya moto nako nimefanya. Ukinzani ulishuka kadiri maji yalivyochemka, hivyo ni nzima, sikununua nyingine.

Kilichogoma: injini inapopasha, geji inachelewa mpaka themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto) ifunguke, kwa sababu sensa iko baada yake, upande wa rejeta. Mliosema niihamishie kwenye bloku mko sahihi, ila nyuzi za tundu la kiwandani hazilingani na za sensa, na kutoboa bloku siwezi. Halafu maji yakivuja yote, sensa iliyo kwenye mpira usio na maji inaweza kuonyesha joto la chini huku injini inaungua, kwa hiyo geji ya kiwandani sijaigusa.