Re: Mume wangu anatoka jeshini, kazi ya sefti (usalama kazini) ikoje?

Kamwene wa Iringa, na wa kwetu ndaga. Naomba msaada jamani, mume wangu anamaliza jeshi la Marekani mwisho wa mwezi wa tisa, miaka sita alikuwa fundi wa magari, sasa kila mtu anamwambia akaendeshe lori hela ipo, mwenyewe anataka sefti ya viwandani ila hajui aanzie wapi. Kuna aliyepita njia hiyo?
Dada wa Tukuyu, sa hivi Texas

---

Ndaga dada, msalimie sana shemeji. Mimi nilipita hapo hapo, nilikuwa fundi jenereta, nikatoka 2014. Niko Mafinga namuuguza mama na hii baridi ya mwezi wa sita mnaijua, ndo maana nimechelewa kujibu.

Kabla ya shule, madai ya fidia ya mwili wake, kwa yale yaliyomuumiza jeshini. Masikio, mgongo, magoti, ayafungue kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, kwa hiyo hesabuni siku leo leo. Mafundi wenzangu wengi walikaa kimya wakaona aibu kulalamika, sasa hivi wanahangaika kutafuta karatasi za hospitali za miaka kumi nyuma. Na DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, aisome mstari kwa mstari kabla ya kusaini.

Shule atumie GI Bill, ule msaada wa serikali wa kusomesha waliotumikia jeshi. Akiwa na miaka 3 ya utumishi anapata asilimia 100, ni miezi 36, ambayo ukiigawa kwa miezi 9 ya masomo inatosha digrii ya miaka 4, na hela ya nyumba inaingia akisoma, ila chuo kikifunga na yenyewe inasimama, jipangeni. Akishamaliza digrii na mwaka mmoja wa kazi ya sefti anafanya mtihani wa ASP, cheti cha kwanza cha wataalamu wa sefti, halafu CSP, cheti cha juu yake, hiyo inataka miaka 4 ya kazi ya sefti. Mimi CSP nimepata 2023. Kile cheti cha masaa 30 cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ni kizuri ila asidanganywe kwamba kinamfanya mtu kuwa injinia.

Kazi yenyewe sasa. Watu wanadhani ni kugawa helmeti na kupigia watu kelele. Kiwanda changu cha kwanza fundi aliingiza mkono kwenye konveya, mwenzake wa upande wa pili akawasha, vidole vitatu vikaenda, na ofisi ikataka niandike uzembe. Nilikataa. Swali ni kwa nini ile mashine iliweza kuwaka wakati mtu yumo ndani. Kanuni ya OSHA ya kule, namba 1910.147, inataka umeme uzimwe na kila fundi aweke kufuli lake mwenyewe, funguo mfukoni mwake, mpaka atoke. Shemeji hili atalielewa haraka kuliko mtoto wa chuo, maana jeshini hakuna aliyemruhusu kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Niwaambie kwa nini linaniuma. Baba alikatwa vidole viwili na dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, hapa hapa Mafinga nikiwa darasa la tano, watu wakasema bahati mbaya, akanyamaza nayo mpaka anaingia kaburini. Juzi nimepita kwenye yadi moja ya mbao, kijana anafagia vumbi la mbao msumeno unazunguka, mkanda uko wazi kabisa, amevaa glavu za kitambaa ambazo zikinaswa zinamvuta mkono mzima. Nilikaa na mwenye mashine, tukamwita mchomeleaji wa jirani, mpaka jioni kifuniko cha bati kimekaa. Na yule kijana hakuwa anajua kwamba nchini kuna sheria ya usalama kazini tangu 2003, kuna OSHA yetu kabisa, na kwamba mwajiri anatakiwa amchangie kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Nilimwandikia kwenye karatasi.

Shemeji aje kwenye sefti, lori litamsubiri.
Kaka wa Mafinga

---

Kaka asante, ndaga fijo, na mama apone haraka. Tumehesabu usiku huu, zimebaki siku 112. Amekiri masikio yanavuma toka mwaka wa pili jeshini, miaka yote hiyo hakuniambia. Kesho asubuhi anaenda kupimwa.