Rodinal 1+50 na fiksa 1+4: nagawa kwa ngapi?

Kamera ya Babu:
Habari za jioni wakuu. Marehemu babu ameniachia kamera ya filamu na tangi la kusafishia, linaingia mililita 300. Nimepiga mikanda miwili ya HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe. Wa kwanza nilichukua Rodinal, dawa ya kuitoa picha kwenye filamu, kwa 1+50: nikapima mililita 6, nikajaza maji mpaka 300, joto nyuzi 20, dakika 6. Negativu imetoka nyepesi mno. Bibi amekaa kibarazani lakini kanga yake na kivuli cha mlango havitofautiani kabisa. Rafiki yangu anasema kosa ni kuchanganya 1+50 na 1:50. Fiksa nayo, dawa ya kuikaza picha isififie, imeandikwa 1+4. Nikigawa 300 kwa 4 napata 75, nikigawa kwa 5 napata 60. Ipi sahihi? Mkanda uliobaki una bibi pia, sitaki kuuharibu.

Fundi Studio:
Pole mjukuu wangu. Alama ya kujumlisha inakutaka uhesabu mafungu: moja la dawa, manne ya maji, jumla matano. Kwa hiyo 60 ya fiksa na 240 ya maji. Ni kama plasta ya fundi ujenzi: akisema moja kwa nne, ni ndoo moja ya saruji na nne za mchanga. Ukiweka 75 filamu haiharibiki, unamaliza chupa mapema tu.

Rodinal 1+50 ni mafungu 51, na 300 gawa kwa 51 ni 5.9. Kwa hiyo 6 yako ilikuwa sawa! Kilichokuponza ni dakika. HP5 Plus ukiipiga kwa kasi yake ya kawaida, ISO 400, dakika 6 ni za 1+25. Kwa 1+50 ni 11. Dawa ikipunguzwa nguvu, muda unaongezeka. Uliitoa filamu katikati ya kazi.

Maabara ya Zahanati:
Rafiki yako ana hoja kidogo. Sisi tukiandika 1:10 kwenye sampuli, maana yake ni fungu moja ndani ya jumla ya kumi, yaani 1+9. Lakini Jik ya 3.5% tunachanganya fungu moja na maji mafungu sita, inatoka 0.5%, kwa sababu 3.5 imegawanywa kwa 7. Nukta mbili kila mtu anaisoma kivyake. Kwenye 50 ni 6 au 5.9, haina shida. Kwenye 1:1 ndipo kwenye hatari: mmoja ataweka dawa tupu, mwingine nusu kwa nusu. Na pima kwa bomba la sindano la mililita 10. Jagi la jikoni haliwezi kupima mililita 6.

Kamera ya Babu:
Shikamoo Fundi, asante sana, nawe wa maabara asante. Kumbe ni dakika! Swali la mwisho: maji ya bomba hapa ni nyuzi 29, huwa natia barafu kwenye mchanganyiko. Ni sawa?

Fundi Studio:
Marahaba. Hapana, barafu ikiyeyuka humo ni maji uliyoongeza bila kuyapima. Iweke kwenye beseni, jagi likae katikati, subiri kipimajoto kifike 20. Na negativu ya kwanza usiitupe. Ichape kwenye karatasi ya gredi 4 au 5, inayokoleza tofauti ya weusi na weupe, huenda kanga ya bibi ikaonekana.