Jaribio la pamutesheni kwa R: p inatoka 1 kamili, nikigeuza alama inatoka 0

Mtegaji_Mayungu (Malindi)

Assalam alaykum wana jukwaa. Nalinganisha malema (mitego ya samaki) ya kawaida na malema yenye mwanya wa sentimita 3 pembeni, ule wa kuwatolea samaki wachanga. Nina malema 16, nane kwa nane, na jumla ya gramu zilizovuliwa na kila lema. Uzito umelala upande mmoja: malema mengi yanakaribiana, kisha mawili matatu yaliingiliwa na kundi la tafi na mizani ikaruka. Kwa hiyo jaribio la t (la kulinganisha wastani mbili) silitegemei, nikaamua kufanya pamutesheni, yaani kuchanganya lebo za "mwanya" na "kawaida" mwenyewe kwa R, programu ya takwimu. `halisi` ni tofauti niliyoipata kwenye data yenyewe:

```
for (i in 1:1000) {
  d2 <- d[sample(nrow(d)), ]
  tofauti[i] <- mean(d2$gramu[d2$aina == "mwanya"]) -
                mean(d2$gramu[d2$aina == "kawaida"])
}
mean(tofauti >= halisi)
```

Jibu (yaani p, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii kwa bahati tu) ni 1 kamili. Nikiweka `>` badala ya `>=` ni 0 kamili. Nimekosea wapi?

Hesabu_za_Pwani (Malindi)

Wa alaykum salaam. Kosa liko kwenye mstari wa `d2`. Umechanganya mistari mizima ya jedwali, kwa hiyo kila uzito umehama pamoja na lebo yake. Ni sawa na kuvipanga upya vikapu sokoni bila kugusa samaki waliomo. Wastani wa kila kundi haubadiliki, na tofauti zote 1000 ni ileile uliyoanza nayo. Alama ya `>=` inazihesabu zote, alama ya `>` haihesabu hata moja.

Kinachotakiwa ni kukata uhusiano kati ya lebo na uzito. Gramu zibaki mahali pake, lebo peke yake zichanganywe:

```
set.seed(2718)
m <- 9999
tofauti <- numeric(m)
for (i in 1:m) {
  lebo <- sample(d$aina)
  tofauti[i] <- mean(d$gramu[lebo == "mwanya"]) -
                mean(d$gramu[lebo == "kawaida"])
}
b <- sum(abs(tofauti) >= abs(halisi) - 1e-8)
(b + 1) / (m + 1)
```

Hapo kuna mambo manne ambayo watu huyaruka.

`sample()` iachwe kama ilivyo. Ukiandika `replace = TRUE` lebo zitajirudia, mara makundi yatakuwa 10 kwa 6, mara 7 kwa 9, na hilo si jaribio la pamutesheni tena.

`abs()` ni kwa sababu unauliza kama kuna tofauti yoyote, iwe juu au chini. Kwako ni muhimu zaidi, kwani lema lenye mwanya linatarajiwa kupungukiwa na uzito, hivyo `halisi` itakuwa hasi. Bila `abs()` ungehesabu mkia usiohusika na p ingekaribia 1 hata baada ya kusahihisha kuchanganya.

Ile 1 inayoongezwa juu na chini ni mpangilio wako halisi, ambao nao ni mmoja wa mipangilio inayowezekana. Kwa hiyo p haiwezi kuwa sufuri. Ukiona 0 kwenye ripoti, jua mtu amegawa b kwa m tu.

Ile `1e-8` inaonekana kama pambo, lakini sivyo. Kwa gramu nzima hutaihitaji. Ukihamia kilo zenye desimali, kompyuta inaweza kuzitofautisha namba mbili zilizo sawa kwa tarakimu ya mwisho kabisa, na mipangilio iliyofungana na wako ikaachwa nje ya hesabu. p inashuka bila haki.

Kuhusu idadi ya marudio: kosa la kubahatisha ni kama mzizi wa p(1 − p)/m. Kwa p ya 0.05 na marudio 999 linakuwa karibu 0.007, kwa 9999 karibu 0.002. Ndiyo maana kwa marudio machache jibu hucheza kila unapoendesha. Na mwenzako mwenye R ya kabla ya 3.6.0 atapata jibu tofauti kidogo na lako hata kwa mbegu ileile (namba ya `set.seed`), kwa sababu njia ya `sample()` ilibadilishwa mwaka 2019.

Ila kwa malema 16 huna haja ya kubahatisha hata kidogo. `choose(16, 8)` ni 12,870. Zipitie zote:

```
zote <- combn(16, 8, function(k) mean(d$gramu[k]) - mean(d$gramu[-k]))
mean(abs(zote) >= abs(halisi) - 1e-8)
```

Hapa huongezi 1, maana mpangilio halisi umo tayari. Kabla ya yote endesha `table(d$aina)`. Nafasi tupu iliyobaki baada ya neno "mwanya" kwenye faili inazaa kundi la tatu na hutaonywa, `trimws()` inaiondoa.

Mwalimu_wa_Shela (Lamu)

Msimbo wa ndugu hapo juu ni sahihi, lakini nasimama kwenye swali la kabla ya msimbo. Hayo malema 16 ni ya watu 16? Yamelazwa vipi? Jaribio hili halina dhana nyingi, lina moja nzito: kwamba kama mwanya hauna athari, lebo zingeweza kukaa popote kati ya hizo nafasi 16. Kama haziwezi, 12,870 si idadi yako.

Mtegaji_Mayungu (Malindi)

Shukran nyote. Wavuvi ni 8. Kila mmoja ana lema moja la kawaida na moja lenye mwanya, yamelazwa kwenye mwamba mmoja, hatua kama 20 baina yake. Yote mawili yanavutwa siku ileile. Lipi likae wapi aliamua mvuvi mwenyewe.

Mwalimu_wa_Shela (Lamu)

Basi una jozi 8. Mvuvi anayejua mwamba wake atapata zaidi kwa malema yote mawili, na tofauti hiyo kati ya wavuvi huenda ikawa kubwa kuliko ya mwanya. Ukichanganya lebo kiholela, mara nyingine malema mawili ya mvuvi hodari yanaingia kundi moja, jambo ambalo katika kazi yako lisingetokea kamwe. Tofauti za bahati zinavimba na athari ya mwanya inazama humo.

Lebo zibadilishane ndani ya mvuvi tu. Kwa jozi, kubadilishana lebo ni kugeuza ishara ya tofauti, na njia ni 2 kwa kipeo cha 8, yaani 256:

```
pungufu <- mwanya - kawaida
ishara <- as.matrix(expand.grid(rep(list(c(-1, 1)), 8)))
zote <- as.vector(ishara %*% pungufu) / 8
mean(abs(zote) >= abs(mean(pungufu)) - 1e-8)
```

Hakikisha `mwanya` na `kawaida` zimepangwa kwa mpangilio mmoja wa wavuvi. Unganisha kwa `merge()` kwa jina la mvuvi, usiamini macho. Lema moja likipotea, jozi nzima inatoka.

p ndogo kabisa unayoweza kupata ni 2/256, yaani 0.0078. Inatosha. Wangekuwa wavuvi 5, ndogo kabisa ingekuwa 2/32, yaani 0.0625, na hata kama wote watano wangeelekea upande mmoja usingefika chini ya 0.05, kiwango kinachotumiwa kwa kawaida. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kwenda baharini, ni ya dakika moja.

Sasa lililo zito. Mvuvi aliyechagua mahali huenda aliliweka lema analoliamini penye tundu zuri zaidi. Hapo p inakwambia kuna tofauti, haikwambii ni ya mwanya au ya mahali. Mtakwimu Ronald Fisher, katika jaribio la kuonja chai alilolieleza mwaka 1935, alikuwa na vikombe 8, vinne vinne, njia 70, na kilichoipa nguvu ile 1/70 ni kwamba vikombe vilipangwa kwa bahati. Kwa msimu ujao rushia shilingi kila mnapolaza: kichwa, lenye mwanya likae upande wa kaskazini; mwenge, upande wa pili. Andika matokeo ya shilingi kwenye daftari lilelile la uzito.

Nahodha_wa_Data (Malindi)

Kwa anayetumia Python: `scipy.stats.permutation_test`. Kwa jozi kama hizi andika `permutation_type='samples'`. Jina `'pairings'` linavutia lakini ni la uwiano kati ya vipimo viwili, na `'independent'` ndiyo ya makundi yasiyo na jozi. Njia zote zikiwa chache kuliko `n_resamples`, yenyewe inazipitia zote.

Wanaopenda kifurushi ndani ya R: `coin`, kwa `oneway_test(gramu ~ aina | mvuvi, data = d, distribution = approximate(nresample = 9999))`. `aina` na `mvuvi` zigeuzwe kwa `factor()` kwanza. Tangu R 4.0.0 `read.csv` haigeuzi maneno yenyewe, na miongozo mingi ya zamani haisemi hivyo.

Mtegaji_Mayungu (Malindi)

Mawili ya mwisho. Kila lema limevutwa siku 12 wakati wa kusi na siku 12 wakati wa kaskazi. Nikitumia siku zote si nitakuwa na data nyingi zaidi? Na nina hesabu ya spishi pia: tafi, changu, pono, tewa.

Mwalimu_wa_Shela (Lamu)

Siku nyingi ndiyo, wavuvi ni walewale 8. Mwamba mzuri ni mzuri leo na kesho, kwa hiyo siku 12 za lema lilelile si mashahidi 12. Ukizichanganya siku kana kwamba kila moja inajitegemea, p itatoka ndogo mno. Chukua wastani wa kila lema, baki na jozi 8. Shilingi ikirushwa upya kila siku ya kulaza, hapo ndipo siku inakuwa kipimo chake na unaweza kugeuza ishara siku kwa siku.

Ukitaka kujua kama athari ya mwanya wakati wa kusi ni tofauti na ya kaskazi, kwa kila mvuvi toa `pungufu` ya kaskazi kwenye `pungufu` ya kusi, kisha namba hizo 8 zipitishe kwenye msimbo uleule wa ishara.

Spishi zinataka `vegan`, kifurushi cha R cha ikolojia:

```
adonis2(spishi ~ mvuvi + aina, data = d, method = "bray", by = "terms",
        permutations = how(blocks = d$mvuvi, nperm = 9999))
```

`blocks` inazuia lebo zisitoke nje ya mvuvi, lakini haiondoi tofauti za wavuvi kwenye masalio (tofauti zisizoelezwa na fomyula). Kazi hiyo inafanywa na `mvuvi` kutangulia kwenye fomyula. Soma mstari wa `aina` tu. Mstari wa lema lisilo na samaki hata mmoja uondoe na mwenzake, maana umbali wa Bray-Curtis (kipimo cha jinsi mistari miwili inavyotofautiana kwa spishi) kati ya mistari miwili mitupu haupo. Fuatisha `betadisper()`, inayopima mtawanyiko wa kila kundi, kwa kuwa `adonis2` inaweza kutoa p ndogo kwa sababu kundi moja limetawanyika zaidi, hata kama vitovu viko pamoja.

Itakuletea ujumbe kwamba mipangilio iliyopo ni michache kuliko uliyoomba na kwamba inatengeneza yote, kisha itaonyesha 255 badala ya 9999. Usishtuke: ni zile 256 ukitoa mmoja, ulio wako.