Intaneti "ya gemu" mnayotuuzia majumbani: acheni kututajia Mbps, leteni waya, NAT iliyo wazi na pingi isiyoyumba

#1

Wakuu, imetosha. Kila anayefunga intaneti ya nyumbani hapa Dar siku hizi anabandika neno "gemu" kwenye kipeperushi chake. Mbps 20, Mbps 50, Mbps 100. Kisha fundi anakuja, anatoboa ukuta pale waya wake ulipoishia, anatundika ruta juu ya mlango wa sebule, anapima spidi kwa simu akiwa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, anapiga picha ya namba na kuondoka. Konsoli, yaani mashine ya gemu, iko chumba cha tatu na hakuna aliyeiulizia. Wiki haijaisha mteja anapiga simu: mechi inaganda, hasikii sauti za wenzake, anatupwa nje dakika ya 70. Anajibiwa: "Ongeza kifurushi."

Jibu hilo ni uongo. Mchezo ukishaanza unakula data kidogo sana, na mingi haifiki hata Mbps 1. Mbps nyingi zinasaidia kushusha gemu na apdeti: gemu la GB 100 kwa Mbps 20 linachukua masaa 11, kwa Mbps 100 linachukua masaa 2 na robo hivi. Ndani ya mechi kinachotakiwa ni pingi (muda wa kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde, ms) iwe ndogo, isiyopanda na kushuka, na pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zisizopotea njiani. Mwenye Mbps 10 kwa waya atacheza raha kuliko mwenye Mbps 100 kwa waifai iliyovuka kuta tatu za tofali la saruji. Fundi wa mtandao asiyelijua hili hajaijua kazi yake, na anayelijua akanyamaza anamwibia mteja.

Twende kwenye waifai. PlayStation 4 ya kwanza, ya 2013, inashika masafa ya GHz 2.4 peke yake. GHz 5 ilikuja na Slim na Pro mwaka 2016. Sasa fundi anaacha masafa yote mawili yatumie jina moja, eti vifaa vitachagua vyenyewe. Konsoli inaishia kung'ang'ania GHz 2.4 kwa sababu inasikika mbali zaidi, na huko ndani kuna ruta za ghorofa nzima, kuna maikrowevu, kuna Bluetooth ya pedi zenyewe. Tenganisha majina! Ni kazi ya dakika mbili. Konsoli yenye GHz 5 ipewe jina la GHz 5 peke yake, na lile la GHz 2.4 ulifute kabisa kwenye kumbukumbu yake. Kwa PS4 ya zamani, GHz 2.4 iwekwe upana wa MHz 20, chaneli 1, 6 au 11. Anayeweka chaneli 3 au 9 kwa kuwa "haina watu" anagongana na majirani wa pande zote mbili.

Kwenye GHz 5 tumia chaneli 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada, na ikihisi kuna rada inahama chaneli hapo hapo, mechi ikiendelea. Mteja anaona amekatika bila sababu, kampuni inasema "kwetu taa ziko kijani". Usalama wa waifai uwe WPA2, au WPA2 na WPA3 kwa pamoja. WPA3 peke yake inaifungia PS4 nje.

Ruta isikae nyuma ya TV, wala ndani ya kabati la vyombo, wala juu ya friji. Iwe wazi, mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, na kati yake na konsoli kuwe na ukuta mmoja, usizidi. Slabu yenye nondo ihesabuni kama kuta kadhaa.

Halafu ripita. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ripita ya bei rahisi inapokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo karibu nusu ya uwezo inapotea, na kila pakiti inasubiri zamu mara mbili. Kwenye simu utaona mistari yote ya waifai imejaa, ukafurahi. Kwenye mechi pingi inaruka kutoka 40 hadi 200 na kurudi. Anayemuuzia mchezaji ripita anamuuzia ugonjwa.

Na foleni ndani ya ruta, ambayo huduma kwa wateja hawataki hata kuisikia. Mtu mmoja nyumbani akianza kupakia video, ruta inazirundika pakiti zake na pakiti ndogo za gemu zinakaa nyuma ya mlima huo. Pimeni wenyewe: kompyuta ikiwa kwenye waya, andika ping 8.8.8.8 -t, iache itembee, kisha kwenye simu anza kupakia video kubwa. Pingi ikitoka 30 ikafika 300, kifurushi hakina kosa, kosa ni foleni. Dawa yake inaitwa SQM, mpangilio wa ruta unaosimamia foleni, kwa kanuni ya CAKE au fq_codel, na unaiwekea asilimia 85 hadi 90 ya spidi uliyopima kweli. Laini inayopima Mbps 20 kushusha na 10 kupakia, andika 17 na 8.5. Unapoteza kidogo kwenye namba, pingi inatulia. Ruta zenye OpenWrt, programu huria ya ruta, zinayo. Ruta wanazotugawia nyingi hazina, na ukitaka kuweka yako unaambiwa hairuhusiwi, paswedi ya msimamizi ni ya kampuni. Kifaa kiko nyumbani kwangu, ninakilipia kila mwezi, siruhusiwi kukifungua!

#2

Mkuu #1, nakuunga mkono, ila usitupige mafundi wote kwa fimbo moja. Fundi wengi wanalipwa kwa idadi ya nyumba kwa siku, na wateja wengi hawataki waya uonekane ukutani. Lakini kwenye waya wenyewe kuna uozo, na huo ni wetu sisi mafundi.

Madukani kumejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwenye boksi imeandikwa Cat 6 kwa herufi kubwa. Kwarua ncha kwa kisu: ikibadilika kuwa nyeupe ya fedha, ni aluminiamu, rudisha. Inakatika ukiikunja mara chache, na ikishakaa kwenye soketi miezi kadhaa mguso unalegea. Kwa nyumba, Cat 5e ya shaba tupu inatosha kabisa, inabeba Gbps 1 hadi mita 100. Hakuna konsoli ya nyumbani hapa inayohitaji Cat 8, asikudanganye mtu.

Mpangilio ni huu, ncha zote mbili, kichwa cha RJ45 kikiwa na ulimi chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Sasa sikilizeni vizuri. Kuna mafundi wanapanga jozi kwa jozi kwa macho: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili. Kwa kuwa ncha zote zinafanana, testa inawasha taa zote nane na fundi anasema waya mzima. Si mzima! Pini 3 na 6 zinatakiwa ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Hapo umezigawa kwa jozi mbili tofauti, na ishara zinaingiliana. Kwa mita 2 huenda usione kitu. Kwa mita 20 pakiti zinapotea na mteja anazunguka miezi akilaumu konsoli. Testa ya taa haiwezi kulikamata kosa hili; linaonekana kwa macho, ukikagua rangi ndani ya kichwa.

Na msifungue msokoto zaidi ya milimita 13 mnapobana. Msipitishe waya wa LAN kwenye bomba moja na waya wa umeme wa V 230, kwa usalama kwanza, na kwa sababu ya kelele pia. Ukimaliza, angalia konsoli au swichi (kisanduku cha kugawa waya wa LAN) inasoma Mbps ngapi. Ikisoma 100 badala ya 1000, mara nyingi kuna waya mmoja kati ya nane haujagusa. Kata, bana upya.

Nintendo Switch ya kwanza haina tundu la LAN kwenye kituo chake cha kuunganishia TV, inahitaji adapta ya USB. Kituo cha ile ya OLED kinalo.

#3

Mmesahau NAT, yaani ruta kuvificha vifaa vya nyumbani nyuma ya anwani moja ya intaneti, na hapo ndipo hela za watu zinaliwa mchana kweupe.

Konsoli ikipima muunganisho inakupa aina ya NAT. PlayStation inaandika 1, 2 au 3. Xbox inasema wazi, wastani au kali. Nintendo inatoa herufi kuanzia A. Unachotaka ni 2 kwenye PlayStation, wazi kwenye Xbox, A au B kwenye Switch. Ukipata 3 au kali, usihangaike na waifai: sauti za wenzako hazitapita, na baadhi ya vyumba vya mchezo hutaingia kabisa.

Sababu ya kwanza ni ruta mbili. Kisanduku cha faiba kinagawa anwani za 192.168.1, wewe ukachomeka ruta yako inayogawa za 192.168.0 nyuma yake. Hapo NAT imepita mara mbili. Igeuze moja: ama kisanduku kiwe daraja tupu, kipitishe mtandao tu bila kugawa anwani, ama ruta yako iwe kituo cha waifai tu, DHCP yake (ugawaji wa anwani) izimwe na waya uingie tundu la LAN badala ya lile la WAN, la kupokelea mtandao kutoka nje.

Ukishabaki na moja, itengee konsoli anwani ya kudumu kwa MAC yake (namba ya utambulisho wa kifaa), washa UPnP, inayoiruhusu konsoli kujifungulia poti, yaani milango ya mtandao, zima konsoli kabisa na uiwashe. Isiposaidia fungua poti kwa mkono: PlayStation UDP 3478 na 3479, TCP 3478 hadi 3480, Xbox UDP na TCP 3074. Konsoli mbili za Xbox nyumba moja haziwezi zote kufunguliwa 3074 kwa mkono, hapo tegemeeni UPnP.

Sababu ya pili hakuna fundi anayewaambia. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hiyo ni CGNAT. Fungua poti zote za dunia, hazitafika popote, kwa sababu mlango uliofungwa uko kwao. Ruta za laini za 4G na 5G karibu zote ziko hivyo. Wenzetu wa Kenya wenye Starlink, kifurushi cha kawaida cha nyumbani nacho ni hivyo hivyo. Dawa ni anwani ya IP ya umma, na kampuni inaweza kukupa, kwa kulipia. Kinachouma ni kwamba mtu anauziwa "intaneti ya gemu" bila kuambiwa kuwa iko nyuma ya CGNAT, na akilalamika anaambiwa arizeti ruta, yaani aianzishe upya. Arizeti mara ngapi?

#4

Nami niongeze la umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda km 200,000 hivi kwa sekunde. Dar hadi London ni karibu km 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kushuka chini ya ms 75 hata waya ungenyooka kama rula, na waya wa baharini haunyooki. Johannesburg ni km 2,500 hivi, ms 25 kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo gemu lenye seva Afrika Kusini lingetakiwa kutuheshimu. Lakini pimeni kwa tracert, amri ya kompyuta inayoonyesha njia ya pakiti, muone: kampuni nyingine inaipeleka pakiti Ulaya kwanza, ndipo irudi kusini. Huo ni uamuzi wao wa njia. Mteja hawezi kuurekebisha kwa kununua ruta yenye antena nane.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, kila mtu aliona nani ana njia ya akiba na nani hana. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Na umeme. Kisanduku cha faiba na ruta vingi ni V 12, A 1 hadi A 2 kila kimoja. UPS ndogo ya V 12, yaani betri ya akiba, inavibeba vyote viwili, mradi uwezo wake wa A uzidi jumla yao. Pawabenki ya V 5 haiwezi bila waya wa kupandisha volti. Kampuni ingeweza kuileta siku ya kufunga, ikauza kwa bei halali. Hawaleti.

#1

Nashukuru wakuu, #2 nimekuelewa kuhusu mafundi, lawama iende kwa wanaowapangia nyumba nane kwa siku.

Kabla ya kusaini, waulizeni maswali haya kwa barua pepe, si kwa simu: anwani ya WAN ni ya umma au CGNAT? Kisanduku kinaweza kuwa daraja tupu? Paswedi ya msimamizi nitapewa? Spidi ya kupakia ni ngapi, na ukomo wa matumizi ukifikiwa inashuka hadi ngapi? Waya hadi kwenye konsoli mnafunga, wa shaba tupu, mita ngapi?

Kwa waliokwisha kufungiwa: lalamikeni kwa kampuni kwa maandishi, mchukue namba ya lalamiko, wasipowashughulikia ndipo mpeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ambatanisheni picha ya aina ya NAT, picha ya anwani ya WAN, na pingi mbili zilizopimwa kwa waya, moja laini ikiwa tupu na nyingine mtu akipakia video. Zipimwe kati ya saa 2 na saa 5 usiku, siku tatu mfululizo, tarehe na saa zionekane kwenye kioo. Msipime kwa waifai, watawarudisha hapo hapo.