Urusi, Misri au Japani: nianzie wapi mtu wa riwaya za upelelezi?

Binti Chumbageni
Habari za humu ndani. Kabatini kwangu kuna vitabu sitini na kitu, na ukikitikisa kimoja lazima idondoke risasi. Wapelelezi wetu Willy Gamba na Joram Kiango, na wenzao wa Kizungu. Juzi mwanangu wa kidato cha tatu kaniuliza: "Mama, hivi wewe husomi kitabu ambacho hafi mtu?" Nikacheka, lakini neno likaniingia.

Nimeamua nichague nchi moja, nisome vitabu vyake viwili vitatu kabla sijarudi kwenye maiti zangu. Nimebaki na tatu. Urusi, kwa sababu marehemu baba hakuisha kuwasifia. Misri, kwa kuwa naona kama ni jirani. Japani, sina sababu, moyo tu umependa. Kiingereza nasoma, ila polepole na kamusi pembeni. Nisaidieni kulinganisha jamani, msinitajie vitabu mia.

Mzee Kobe
Baba yako bila shaka ni rika langu. Enzi zetu vitabu vya Progress, wachapishaji wa Kisovieti, vilikuja kutoka Moscow kwa bei ya karanga, vingine kwa Kiswahili kabisa. Hapo ndipo wengi tulipowajulia Warusi.

Wewe nakushauri Dostoyevsky, ile riwaya ya 1866 ya kijana Raskolnikov, kwa Kiingereza Crime and Punishment. Anamuua bibi mmoja anayekopesha watu kwa rehani. Kabla ya kwenda, anashona kitanzi ndani ya koti, chini ya kwapa, ili shoka lining'inie humo asionekane amelibeba. Hayo yote yanaisha katika sehemu ya kwanza, na sehemu ziko sita! Muuaji unamjua, silaha unaijua. Kinachobaki ni kumwangalia anavyoungua ndani kwa ndani huku mpelelezi Porfiry akimzungukia kama paka na panya.

Kero ni majina. Mtu mmoja ana majina matatu, na mama yake anamwita la nne. Chukua kikaratasi, yaandike, kifanye ndiyo alama yako ya ukurasa. Mimi bila kikaratasi nilikwama mara mbili.

Mwalimu wa Kisauni
Salaam, dada. Mzee kasema kweli, lakini kitabu chake ni kinene, na mtu wa kamusi pembeni atachoka kabla shoka halijatoka kotini.

Nenda Misri, kwa Naguib Mahfouz, aliyepata Nobeli mwaka 1988. Ila usianzie zile riwaya tatu za Cairo za 1956 na 1957, ingawa ndizo zilizompa jina. Mimi nazipenda mno. Ya kwanza inaanza na Bi Amina anaamka usiku wa manane kumngoja mumewe arudi kwenye starehe zake, akichungulia mtaa kupitia dirisha la nakshi za mbao. Siku moja mume kasafiri, yeye anatoka bila ruhusa kwenda kuzuru msikiti wa Sayyidna Hussein, gari linamgonga, na mume akishajua anamrudisha kwao. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Lakini zote tatu zinapita kurasa elfu.

Anza na Al-Liss wal-Kilab, ya 1961, yaani mwizi na mbwa. Tafsiri yake ya Kiingereza ni nyembamba, unaimaliza kwa wiki. Said Mahran anatoka jela, anakuta mkewe kaolewa na kijana wake wa kazi, na binti yake mdogo hamtambui. Anatafuta bastola. Anafyatua, anamuua mtu mwingine asiyehusika, maana yule aliyemkusudia alishahama. Anajaribu tena kwa adui wa pili, anakufa bawabu. Raskolnikov kaua aliyemtaka, na bado haikumsaidia. Huyu hata huyo hampati.

Abiria wa Daraja la Tatu
Japani mnaipita hivi hivi? Mwandishi Matsumoto Seicho, riwaya yake Ten to Sen, yaani nukta na mistari, 1958. Kesi nzima imesimama juu ya ratiba za treni. Pale stesheni ya Tokyo kuna dakika nne tu kwa siku ambazo mtu aliye jukwaa namba 13 anaweza kuona treni iliyoko namba 15 bila nyingine kukinga katikati. Nani aliwapeleka mashahidi pale katika dakika hizo nne, na kwa nini? Mimi nilikuwa nachora mistari kwenye daftari.

Kalamu Butu
Mnampoteza mama wa watu. Kasema anataka kutoka kwenye upelelezi, nyie mnampa maiti ya Kirusi, maiti ya Misri na maiti ya Kijapani. Huo ni wali uleule, kilichobadilika ni sahani. Kama ni Japani, mpeni haiku: mizani 17 basi, wakati ubeti mmoja wa tarbia yetu una 64. Hapo ndipo ataona wenzetu wanavyonyamaza.

Na kwa nini nchi tatu tu? Dada, tafuta Barua Ndefu Kama Hii, ya Mariama Bâ wa Senegali. Ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Kamusi irudishe kabatini.

Mwalimu wa Kisauni
Ndugu Kalamu, mtu huingia nyumba ya watu kwa mlango anaoujua. Akishakaa, ndipo anapoangalia picha ukutani. Ukimrusha kupitia dirishani ataondoka asirudi.

Kalamu Butu
Mwalimu, kuna watu wamesimama mlangoni miaka ishirini.

Mzee Kobe
Msigombane, vijana. Hapo kwenye lugha ndipo Kalamu kanishinda. Mrusi kupitia Kiingereza unamsikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Binti Chumbageni
Nimerudi, wiki saba baadaye. Niwape taarifa.

Cha Misri nilikiazima kwa mwalimu mmoja hapa Tanga. Mwalimu wa Kisauni alisema wiki, mimi zilikwenda tatu, maana Said anaongea sana na nafsi yake na mimi nimezoea watu wanaokimbia. Kuna mahali nilitamani kumzaba kibao. Pale bintiye anapokataa kumkumbatia, nililia. Joram Kiango hajawahi kuniliza.

Japani nimeiahirisha. Ratiba za treni zinanishinda hata kwa Kiswahili.

Sasa Senegali, ambayo sikuiomba. Shangazi yangu yuko eda, na macho yake hayaoni vizuri, basi kila usiku baada ya isha nikawa namsomea. Mjane anaandika barua kwa shoga yake akiwa eda, miezi ileile minne na siku kumi. Tulipofika pale mawifi wanapowafumua nywele wajane wawili, mkubwa na mdogo, shangazi akanizuia.

"Huyo mdogo wamemkalisha wapi?"

Nikamwambia humo humo, ndani ya nyumba ya mke mkubwa, ubavuni kwake. Shangazi akavuta kanga, akakaa kimya mpaka nikadhani kalala. Kisha akasema, "Haya, soma." Usiku tuliosoma kwamba marehemu wa kitabuni alichukua mkopo wa nyumba ya mke mdogo kwa kuweka rehani nyumba ya mke mkubwa, hakulala. Aliniamsha alfajiri kuniuliza kama inawezekana kisheria.

Mwanangu kaja kuuliza tena kama humo kuna anayekufa. Nimemwambia yupo, kafa kwa moyo mwanzoni kabisa, na hakuna hata mmoja anayemtafuta muuaji.

Mzee Kobe, shikamoo. Hicho cha kijana wa shoka bado unacho? Kiweke kwenye basi la Tanga, nauli ya kifurushi juu yangu. Na kikaratasi chako cha majina, kama hujakitupa, kiache humo humo ndani.